Namna ya Kumfundisha Mbwa wa Shamba

Wakulima wa Kisiwa cha Mafia waijua taabu ya nguruwe mwitu. Mtu hulima muhogo au mpunga wake kwa jasho, kisha usiku mmoja nguruwe huingia na kufukua kazi ya miezi mingi. Kwa sababu hiyo wako walalao madunguni mpaka siku ya mavuno, na wako wafugao mbwa awasaidie kulinda. Lakini mbwa asiyefundishwa ni hasara juu ya hasara: hula kuku, hufukuza mbuzi wa jirani, na huweza kumwuma mtoto njiani. Basi twataka kueleza ni njia ipi iliyo bora ya kumfundisha, fimbo au tuzo.

Kwanza tuondoe shaka moja. Watu wengi wa Mafia ni Waislamu, na huenda wengine wakadhani ya kuwa kufuga mbwa ni vibaya kwa kazi yoyote. Wanavyuoni wamemruhusu mbwa wa kulinda mazao, wa kulinda mifugo na wa kuwinda. Na katika Sura ya Al-Maida wametajwa wanyama wa kuwinda waliofundishwa. Kwa madhehebu ya Shafi mbwa ni najisi, kwa hiyo hukaa nje, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Lakini najisi si ruhusa ya kumtesa. Wengi waliosoma chuoni wameisikia habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake.

Sasa tutazame jinsi mbwa ajifunzavyo. Yeye hafahamu hotuba. Hushika kitendo alichokifanya na jambo lililofuata papo hapo. Tuseme mbwa amefukuza mbuzi, mwenyewe akamwita kwa hasira, naye akaja, akapigwa. Mwenyewe adhani amemkanya kufukuza mbuzi; mbwa amejifunza kwamba akiitwa akaja, atapigwa. Kesho ataitwa wala hatakuja. Vivyo hivyo, mtu amtupiaye mbwa jiwe kwa kuwa amebweka usiku na kumkatiza usingizi, amemfundisha kunyamaza nguruwe ajapo. Kisha humlaumu mbwa kuwa ni mvivu.

Njia ya tuzo imejaribiwa katika kazi ngumu kuliko ulinzi wa muhogo. Huko Morogoro, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO likishirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo limewafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Panya akitambua harufu husikia mlio mdogo, kisha hupewa ndizi au karanga. Panya mmoja aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013, alifanya kazi Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la wanyama la Uingereza. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu na baruti zaidi ya 100. Tena mwaka 2020 wataalamu wa Ureno walitangaza habari za mbwa 92 waliowachunguza: waliofundishwa kwa ukali walionyesha dalili nyingi zaidi za hofu kuliko waliofundishwa kwa tuzo.

Mwenye kutaka kuifuata njia hii na afanye hivi:

Kwanza, aanze na mtoto wa mbwa wa miezi miwili hivi, maana samaki hukunjwa angali mbichi. Ampe jina fupi, amwite, na akija ampe papo hapo kipande kidogo cha dagaa na kumsifu. Afanye hivyo kwa dakika chache, mara mbili au tatu kwa siku.

Pili, amzoeze mbuzi na kuku akiwa amefungwa kamba, kwa mbali kidogo. Akiwaacha na kumtazama bwana wake, apewe tuzo. Akiwarukia, arudishwe nyuma bila kupigwa, wala asipewe kitu. Siku kwa siku asogezwe karibu.

Tatu, amtembeze mipakani mwa shamba kila jioni. Abwekapo usiku upande wa pori, mwenyewe atoke kutazama na amsifu. Kazi ya mbwa ni kumwamsha mtu. Asitumwe peke yake kupigana na nguruwe, ambaye meno yake huweza kumpasua.

Nne, watu wote wa nyumba watumie neno moja kwa jambo moja. Baba akisema hivi na watoto vile, mbwa hatajua la kushika.

Mtu akitaka kujua kama njia yake ni njema, na amtazame mbwa amwitapo. Akija mkia ukitikisika, anajifunza. Akijikunja na kutambaa, anaogopa tu. Na hofu hii ina hatari kwa watu, kwani mbwa aliyezoea kupigwa huogopa kila mkono, hata wa mtoto amnyooshiaye kwa mchezo, na mwenye hofu huuma. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali ya Kilindoni bila kukawia, maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna apataye kupona. Kwa hiyo kila mwenye mbwa amwone Bwana Mifugo amchanje.

Kichwa cha dagaa hakimfilisi mtu. Mwenye kukitoa kwa wakati wake atapata mlinzi ajaye aitwapo na abwekaye ipasavyo, na muhogo wake atauvuna mwenyewe.