Uzito wa meza ya seremala

Kijana anayeanza useremala Chepsaita, nje ya Eldoret, akishauriwa kununua kwanza jiliwa la chuma na mbao ngumu za meza, atakaa muda mrefu bila meza. Sifa kubwa ya meza ya kupigia randa ni kutoyumba, nayo hutokana na uzito na maungio. Randa husukumwa kwenda mbele. Meza nyepesi husogea nayo, na jasho la fundi likaishia kuisukuma meza. Saipresi ya mashamba ya huko huko inatosha kuponya tatizo hili. Vipande 12 vya inchi 4 kwa 2, kila kimoja futi 6, vikisimamishwa kwa ubavu na kuunganishwa kwa gundi, hutoa uso wa takriban futi 2 kwa upana, unene inchi 4, na kilo zinazokaribia 50 kabla ya miguu. Vibano ni ghali, lakini vizuizi viwili vilivyopigiliwa kwenye boriti, na kabari mbili zinazopishana, hukaza gundi barabara.

Utasikia kwamba saipresi ni laini mno. Ni laini kweli, na afadhali: mlango wa mteja ukiigonga meza, meza ndiyo inayobonyea. Uso ukichakaa hupigwa randa upya, na unene upo wa kutosha. Mkaratusi ni mzito zaidi, ila hujipinda na kupasuka unapokauka. Tuuachie nguzo za umeme.

Pingamizi lenye uzito ni unyevu. Tangu Februari 2018 hadi Julai 2023, ukataji katika misitu ya serikali ukiwa umepigwa marufuku, mafundi walitegemea sana miti ya mashamba ya watu, na mti uliokatwa mchanga una mafundo na hupinda kwa urahisi unapokauka. Dawa ya unyevu ni subira: zipange mbao kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite, miezi kadhaa. Mbao za kukingama kati ya miguu ndizo zikauke zaidi. Ulimi mkavu ukiingia katika tundu la mguu wenye unyevu kidogo, mguu hunywea baadaye na kuubana.

Na jiliwa? Mfaransa André Roubo, ambaye kitabu chake cha useremala kilianza kuchapishwa mwaka 1769, alichora meza yenye uso wa ubao mmoja mnene, inayoshika kazi kwa kizuizi, ndoano ya pembeni na mashimo ya vishikizo. Kwa hiyo jiliwa linaweza kusubiri malipo ya kazi za kwanza.

Wapo watakaosema mashine za kukodi mjini huranda kwa dakika chache. Kwa mbao nyingi sibishani, wenye mashine walipwe. Lakini mashine hizo hazichongi tundu la kitasa wala hazipunguzi ukingo wa mlango uliokataa kuingia kwenye fremu, na kazi hizo ndizo zinazojaza siku ya seremala wa kijijini.