Pawa saplai rahisi zinavyokula mtaji mpakani

MFANYABIASHARA anayefungua stesheneri Tunduma, Mlowo au Vwawa huuliza kwanza bei ya kompyuta, kasi yake na ukubwa wa diski. Ni nadra kuuliza kuhusu pawa saplai, lile boksi la bati lenye feni ambako waya wa umeme huchomekwa. Wauzaji wanalijua hilo, na hapo ndipo gharama zinapobanwa.

Kazi ya boksi hilo ni kupokea umeme wa volti 230 na kuushusha hadi volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na vifaa vya ndani. Ndani yake mna kapasita, na zile duni hukauka mapema kwa joto. Mafundi wa elektroniki huhesabu kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Baridi ya Mbozi isimdanganye mtu: joto linalohesabiwa ni la ndani ya boksi, na vumbi la kiangazi likiziba feni, joto hilo hupanda.

Lakini ujanja mkubwa uko kwenye lebo. Boksi linaweza kuandikwa wati 500, kumbe mstari wa volti 12 unaonyesha ampea 14. Zidisha: ni wati 168. Kompyuta za siku hizi huchukua sehemu kubwa ya umeme wake kwenye volti 12, kwa hiyo hizo 500 ni maandishi matupu. Kikokotoo kinachotumika kubadili kwacha kinatosha kwa hesabu hii.

Lipime pia kwa mkono. Boksi jepesi kupita kiasi mara nyingi limepunguziwa koili, vyuma vya kupooza joto na kinga ya umeme unaorudi kwa nguvu baada ya kukatika. Stebilaiza husaidia volti isiyotulia, ila haifufui kapasita iliyokauka.

Hata wakubwa wameumia. Kompyuta za Dell OptiPlex zilizouzwa kati ya mwaka 2003 na 2005 ziliharibika kwa wingi kutokana na kapasita mbovu kwenye mazabodi, na mwaka 2005 kampuni hiyo ilitenga dola milioni 300 kwa matengenezo.

Sasa hesabu ya mpakani. Tuseme pawa saplai nzuri inaizidi duni kwa Sh 50,000. Ile duni ikilipuka inaweza kuondoka na mazabodi na diski yenye kumbukumbu za wateja. Kwa wakala wa forodha, ambaye nyaraka zake hupita kwenye mtandao kabla lori halijavuka kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa mwaka 2019, siku moja bila kompyuta ni lori kulala, na mteja hailipi gharama hiyo kwa furaha.

Mwenye mtaji mdogo anaweza kufikiria mtumba wa kampuni yenye jina. Mara nyingi pawa saplai yake ni imara kuliko mpya isiyojulikana, ingawa baadhi zina plagi za pekee na kupata nyingine ni kazi. Ikiwa mashine ilitoka Marekani, tazama swichi nyekundu nyuma kabla ya kuchomeka: ikiwa kwenye 115, umeme wetu utailipua papo hapo.