Mali Bila Daftari: Kipato cha Njombe na Makambako

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo alikusudiwa mwenye duka, lakini leo twapenda kuyaelekeza kwa mkoa mzima. Mtu akiuliza kama watu wa Njombe wana hali bora kuliko miaka ishirini iliyopita, majibu hayakawii. Mmoja ataonyesha mapaa ya bati na mashamba ya parachichi. Mwingine ataonyesha vijana wa Makambako wanaopakia magunia kwa ujira wa siku. Wote wawili wasema kweli waliyoiona, ila kuona si kuhesabu.

Kwanza yatupasa kujua twahesabu nini. Tumezoea kusikia neno “wastani”. Natuchukue mfano wa nyumba tano. Nne zapata kwa mwezi shilingi 150,000, 180,000, 200,000 na 250,000. Ya tano ni ya mwenye misitu na malori, naye apata 4,220,000. Wastani wake ni shilingi 1,000,000, wala hakuna hata nyumba moja ipatayo kiasi hicho! Lakini tukizipanga kutoka ya chini hadi ya juu, ile ya katikati ina 200,000. Tajiri akinunua lori jingine, wastani utapanda, na nyumba ya katikati itabaki pale pale. Humo ndimo mfanyakazi na mkulima wajionapo, na hesabu hiyo ndiyo tuitakayo.

Pili, mipaka. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2000/01 ulizifikia kaya 22,178 za Tanzania Bara, ukatoa hesabu za kila mkoa. Wakati huo Njombe, Makete na Ludewa zilikuwa wilaya za mkoa wa Iringa. Mkoa wa Njombe ulizaliwa mwaka 2012. Basi kulinganisha Iringa ya zamani na Njombe ya sasa ni kupima shamba moja kwa kamba mbili. Hapana budi kuzitenga kaya za wilaya zile peke yake, kisha kuzipima shilingi za miaka yote kwa bei moja, kwani shilingi ya 2001 ilinunua unga mwingi zaidi.

Utafiti wa 2017/18 ulichagua kaya 9,552 katika mikoa 26. Zingegawanywa sawasawa, kila mkoa ungepata kaya 367, na kila moja ya halmashauri sita za Njombe kaya 61 tu. Je, kaya 61 zaweza kuusemea mji wa Makambako, wenye reli ya TAZARA, njia panda ya Songea, wafanyabiashara wa mahindi na vibarua?

Dawa ipo. Sensa haiulizi kipato, lakini huuliza habari za paa, sakafu, maji, taa na elimu. Wataalamu hutazama katika utafiti jinsi mambo hayo yanavyoandamana na matumizi ya nyumba, kisha hukadiria hali ya kila wilaya kwa sensa. Jambo hilo si geni kwetu: sensa ya 2002 iliunganishwa hivyo na utafiti wa 2000/01. Marekani hukadiria kila mwaka kipato cha kaya ya katikati katika wilaya zaidi ya 3,000, kwa kuunganisha utafiti na hati za kodi. Mkulima wetu wa viazi hana hati za namna hiyo; ndiyo sababu kwetu hupimwa zaidi matumizi.

Hata matumizi yataka busara. Kibarua wa Makambako hupata leo akala leo. Mwenye misonobari hungoja miaka kumi na zaidi, kisha huvuna fedha nyingi kwa msimu mmoja. Ukimwuliza mwaka wa mavuno ni tajiri. Ukimwuliza mwaka uliotangulia ni maskini. Kumbe ni mtu yule yule.

Mambo haya si mchezo wa wasomi. Ushuru ukipangwa kwa wastani uliovimbishwa na wachache, mzigo humwangukia mwenye 150,000. Na msaada ukigawanywa kwa hesabu hiyo, humpita mlangoni.

Kwa hiyo twasema mambo mawili. Wenye kuhesabu na watoe hesabu ya nyumba ya katikati kwa kila halmashauri, Makambako mbali na Makete, na waseme wazi yaweza kupotoka kwa kiasi gani. Nasi wananchi, karani ajapo na daftari lake, tusifiche gunia wala tusizidishe shida kwa hofu ya kodi. Sheria ya Takwimu ya 2015 yakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Daftari la uongo huipoteza mali kama lile lisilokuwapo.