Ngoma Kama Kazi (Sehemu ya Nne): Shule ya Porini

Mashindano ya Lausanne yamepita tena, na kama kila Februari simu za vijana wa Kolwezi zimejaa video za wasichana na wavulana wa miaka 15 hadi 18 wakicheza baleti mbele ya majaji. Tangu 1973 zawadi yake kubwa imekuwa nafasi ya kusoma. Basi mama mmoja wa Mashamba, hapa Kolwezi, ameniuliza: binti yake ana miaka 14, ndombolo anaijua kuliko wote mtaani, akianza sasa, atafika kule? Nitamjibu, ila kwanza anivumilie nipite porini.

Mikao mitano ya miguu na kazi ya ufito wa ukutani tulikwisha kuieleza katika sehemu zilizotangulia, sirudii. Leo nauliza nani aliyetutangulia kumfinyanga mtoto awe mchezaji. Wengi wetu hudhani ujuzi huo umeshuka na ndege. Wachokwe, Walunda na Waluvale walikuwa nao kabla wazungu hawajachora mipaka ya Kongo, Angola na Zambia. Mukanda, tunaoutaja haraka haraka kama jando tu, ulikuwa pia chuo cha ngoma. Wavulana, tundanji, walitengwa na mama zao, wakakaa kambini miezi kadhaa chini ya walezi, wakitahiriwa, wakifundishwa nyimbo, hatua na adabu ya mwili. Kila mmoja alipewa likishi wake, barakoa yenye tabia yake, na likishi huyo alibaki naye mpaka siku ya kutoka, kijiji kizima kikiwatazama wakicheza. Yasiyosemwa mbele ya wasiotahiriwa sitayasema hapa.

Tazama Mwana Pwo. Ni barakoa ya mwanamke, huvaliwa na mwanamume, na hatua zake ni ndogo, za taratibu, kiuno kikifanya kazi ambayo miguu inaificha. Zamani aliyeicheza alikuwa bingwa hasa, mtu wa kuhama kijiji hadi kijiji akilipwa kwa ngoma yake. Naye alikuwa ameioa barakoa hiyo: alimtolea mchongaji mahari, na mahari yenyewe ilikuwa pete ya shaba. Sisi tunaolala juu ya shaba, ambao malori yake yanatuamsha usiku, tumemsahau mtu aliyeona shaba inafaa kuheshimia ngoma.

Mwaka 2005 UNESCO iliutangaza mchezo wa makishi, ndio likishi wakiwa wengi, kuwa urithi wa wanadamu, lakini kwa jina la Zambia. Siwalaumu majirani, wao walijaza karatasi. Na huko huko mukanda umefupishwa ili uingie katika likizo za shule. Kipindi kinachobaki, mwezi mmoja hadi mitatu, kinatosha kumfanya kijana mtu mzima wa ukoo. Hakitoshi kumfanya bingwa wa Pwo, na wazee wanaojifanya hawalijui hilo wanawadanganya watoto.

Tulipata nafasi nyingine karibu nasi, Kamina. Padri Guido Haazen alifika pale 1953, akakusanya wavulana wa miaka 9 hadi 14 pamoja na walimu wao katika kwaya, na mwaka 1958 akawapeleka Ulaya na Misa Luba. Walishangiliwa. Lakini kushangiliwa hakujengi shule, na sisi mpaka leo tunapenda safari kuliko shule.

Wenzetu wa baleti wana shule: kule Saint Petersburg, Chuo cha Vaganova humchukua mtoto akiwa na miaka 10 hivi na kumshika miaka minane. Shule ya Opera ya Paris ilianzishwa 1713. Haraka hiyo ya kuanza mapema inatokana na nyonga: mguu hugeuzwa nje kutoka kiungo cha paja, polepole, wakati mwili bado unakua. Anayechelewa hulazimisha goti ligeuke badala ya nyonga, na goti humlipiza. Kiatu cha ncha nacho hakivaliwi kabla mifupa ya mguu haijakomaa vya kutosha na kifundo hakijapata nguvu. Mwalimu anayemvisha mtoto wa miaka minane ili wazazi wapige picha afukuzwe. Tena kazi yenyewe ni fupi: Opera ya Paris humstaafisha mchezaji akiwa na miaka 42, umri ambao mhandisi wa kampuni ya madini ya Gécamines ndiyo kwanza anapewa ofisi.

Sasa mama yangu wa Mashamba. Kwa baleti ya jukwaa kubwa, miaka 14 bila msingi ni kuchelewa, na anayekuahidi kinyume anataka pesa zako. Joel Kioko, aliyetoka mtaa wa mabati wa Kuwinda, Nairobi, aliingia shule ya English National Ballet, London, mwaka 2017, lakini Cooper Rust wa Dance Centre Kenya alikuwa amekwisha kumfundisha nyumbani. Ngoma ya kisasa ina mlango mpana zaidi. Mtunzi wa ngoma Faustin Linyekula na Studios Kabako zake za Kisangani wameuonyesha. Mpeleke binti kwenye mlango huo, na masomo asiache.

Ila asirukie saruji. Kumbi zetu nyingi zina sakafu ya saruji, na saruji huvunja mifupa ya miundi kidogo kidogo. Sheria ya madini ya 2018 inaitaka kila kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kando ya hilo, ahadi zake za miradi huandikwa katika kitabu cha masharti pamoja na wananchi. Visima na madarasa vimo humo. Wazee wa Mashamba watakapoketi na kampuni tena, waongeze mstari mmoja: sakafu ya mbao yenye kunesa, na mshahara wa mwalimu kwa miaka minane.