Kiboko Hulipiwa, Panga Halilipiwi

Mvuvi wa Itungi akipinduliwa mtumbwi na kiboko karibu na mdomo wa mto Kiwira, akafa, ndugu zake wana mahali pa kwenda. Wataanza kwa mtendaji wa kijiji, watafika kwa ofisa wanyamapori wa halmashauri pale Kyela mjini, na madai yao yatapanda hadi wizara ya maliasili. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa aliyeuawa na mnyama hatari. Serikali yenyewe haiiti fidia. Inaiita kifuta machozi. Ni fedha ndogo, na walioidai wanajua inavyochelewa, lakini ipo.

Mvuvi huyo huyo akikatwa panga usiku na watu waliokuja kumpora injini ya boti, hana dirisha la serikali la kupelekea madai. Tanzania Bara haina mfuko wa jumla wa kuwalipa waliojeruhiwa na wahalifu. Ule ulioanzishwa na sheria ya 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu ni wa wahanga wa kosa hilo tu. Kwa hiyo anayezunguka ofisi za wilaya akiulizia fomu ya fidia anapoteza nauli. Fidia aliyonayo kisheria inatoka mfukoni mwa aliyemjeruhi, na inapatikana mahakamani.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, katika kifungu ambacho mawakili wamekizoea kwa namba 348, inampa hakimu uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe aliyeumia, juu ya kifungo au adhabu nyingine. Zingatia kwamba ni uwezo, si lazima. Hakimu anaweza kumaliza kesi bila kutamka neno fidia. Kwenye makosa ya kujamiiana mambo ni tofauti. Tangu sheria ya 1998, maarufu kama SOSPA, mahakama inayomtia mtu hatiani inatakiwa kutoa amri ya fidia. Mzazi wa binti aliyebakwa akisikia hukumu imesomwa bila fidia, ana haki ya kumuuliza mwendesha mashtaka kulikoni.

Kazi kubwa ya majeruhi ni ushahidi, na ushahidi huanzia kwenye PF3. Fomu hiyo hutolewa bure kituo cha polisi, daktari huijaza, kisha hurudi polisi na kuingia kwenye jalada. Watu wengi huishia hapo. PF3 inaeleza jeraha, lakini haisemi ulitumia kiasi gani kwa dawa, wala kwamba ulikodi bodaboda kwenda hospitali ya wilaya kufunga kidonda kila baada ya siku mbili. Haisemi pia kwamba mkono uliokatwa ndio uliokuwa unavuta nyavu. Hakimu hawezi kukisia hayo. Tunza risiti, hata ile ndogo ya duka la dawa.

Kipato nacho kinathibitishika, na hapa watu wa Kyela wana bahati ambayo hawaitumii. Mkulima wa kakao anauza kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na anapewa stakabadhi. Msimu mmoja wa stakabadhi unaonyesha alichokuwa akiingiza kabla ya kuumizwa. Mvuvi ana leseni, na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo wake, wanaweza kuja kueleza alikuwa akitoka ziwani mara ngapi. Mama muuza mchele asiye na karatasi yoyote alete mashahidi wanaomjua sokoni. Hayo yote yasemwe wakati wa kutoa ushahidi, kisha mwendesha mashtaka akumbushwe aombe fidia mara mshtakiwa anapotiwa hatiani, kabla adhabu haijatangazwa. Mwendesha mashtaka ana majalada mengi. Usione haya kumfuata kwenye korido.

Njia hii ina mashimo. Mhalifu asipokamatwa, hakuna wa kuamriwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha adhabu yake haipungui miaka 30, na aliyefungwa miaka 30 bila shamba wala nyumba hana cha kulipa. Kwa mauaji ya kukusudia kifungu cha 348 hakifanyi kazi kabisa, kwa sababu kinahusu makosa yasiyo na adhabu ya kifo. Yaani mjane wa aliyeuawa yuko mbali zaidi na fidia kuliko aliyevunjwa mkono.

Kwingine waliliona tatizo hili mapema. New Zealand ilipitisha sheria ya serikali kuwalipa majeruhi wa uhalifu mwaka 1963, Uingereza ikafuata 1964. Mtanzania anayeishi London akishambuliwa anaweza kudai hata kama aliyempiga hajakamatwa, mradi ameripoti polisi na amepeleka madai yake, kwa kawaida ndani ya miaka miwili. Marekani, tangu 1984, mfuko wa shirikisho wa wahanga unajazwa na faini za waliohukumiwa. Kenya imeweka mfuko wa wahanga katika sheria yake ya 2014. Hoja ya kwamba sisi ni maskini hainishawishi: mahakama zetu nazo hutoza faini kila siku, na kutenga sehemu yake si jambo linalohitaji utajiri.

Kwa sasa, aliyekosa fidia kwenye jinai, au aliyepewa kidogo, anaweza kufungua kesi ya madai. Alicholipwa awali kitazingatiwa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu asiye na uwezo kupata msaada bure, hivyo aulize ustawi wa jamii wa halmashauri nani anautoa wilayani. Ukomo wa madai ya aina hii ni miaka mitatu, na inahesabiwa tangu siku ulipoumizwa, si tangu hukumu ya jinai. Kesi ya jinai ikiburuzwa miaka miwili, umebakiwa na mmoja.