Nani Aliyepanga Orodha Hii?

Tuseme wakulima wa zabibu wa Dodoma wameandikishwa kwenye hifadhidata ya MySQL. Kila mmoja ana namba ya usajili, nayo ndiyo ufunguo mkuu: namba 7 ni wa kata ya Mbabala, 12 Makutupora, 19 Mbabala, 23 Mpunguzi, 31 Mbabala. Ukiomba kata na namba za wote bila kusema zipangwe vipi, kwa kawaida zitakuja kuanzia 7 hadi 31, kwa sababu InnoDB, injini inayotunza majedwali hayo, huhifadhi taarifa zenyewe kwa kufuata ufunguo mkuu.

Kisha mtaalamu anaongeza faharasa ya pili, ya kata, ili utafutaji uende kasi. Hiyo ni orodha nyingine kabisa, na kila jina la kata ndani yake limebeba namba ya usajili: Makutupora 12, Mbabala 7, Mbabala 19, Mbabala 31, Mpunguzi 23. Swali lako linajibika humo bila kugusa jedwali kubwa, basi injini inapita njia hiyo fupi, na orodha inatoka ikiwa imepangwa kwa kata. Swali halijabadilishwa hata herufi, lakini karatasi ya jana na ya leo hazifanani.

Hifadhidata haijakosea. Tangu nadharia ya Edgar Codd ya 1970 kuhusu hifadhidata, jedwali ni seti, na seti haina wa kwanza wala wa mwisho. Usipoandika ORDER BY, yaani agizo la kupanga, hukuahidiwa chochote. MySQL yenyewe, kabla ya toleo la 8.0 la 2018, ilikuwa ikipanga majibu ya GROUP BY, agizo la kukusanya kwa makundi, bila kuombwa. Toleo hilo likaiondoa hisani hiyo.

Balaa zaidi liko kwenye kurasa, pale orodha ndefu inapoombwa kipande kwa kipande. Ukipanga kwa kata peke yake, watatu wa Mbabala wanafungana, na anayeonekana mwishoni mwa ukurasa wa kwanza anaweza kurudi tena kwenye wa pili, huku mwenzake asionekane popote. Kama ni orodha ya mgao wa miche, huyo amekosa miche.

Dawa ni kupanga kwa kata, kisha kwa namba. Kwa InnoDB ni karibu bure, maana faharasa ya kata tayari imezipanga namba hivyohivyo. Wewe afisa unayekabidhiwa mfumo, usiridhike na orodha iliyonyooka siku ya majaribio. Mwambie mkandarasi akuonyeshe mahali alipoandika ORDER BY.