Elisi Alipobadilishwa Sura: Picha, Kitabu na Swali la Mtoto wa Ndungu



Frateri mmoja wetu alipokuwa kwenye utume Ndungu, chini ya milima ya Upare, aliwafundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza kwa kutumia picha za ukutani. Mtoto mmoja, aliyefika na tope la majaruba ya mpunga bado miguuni, aliuliza: "Frateri, kwani Yesu ni Mzungu?" Wenzake wakacheka. Frateri hakucheka, kwa sababu hakuwa na jibu la haraka.

Swali hilo tumelijadili seminarini, na mfano uliotusaidia umetoka mahali tusipopategemea: kitabu cha hadithi cha Uingereza.

Mwaka 1865, Lewis Carroll alitoa kisa cha binti Alice anayemfuata sungura shimoni na kujikuta katika nchi ya ajabu. Jina lake halisi lilikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu huko Oxford na shemasi wa Kanisa la Anglikana ambaye hakuendelea hadi upadre. Alianza kwa kuchora picha mwenyewe, lakini kwa kitabu cha kuchapwa alimwomba John Tenniel, mchoraji maarufu wa katuni za magazeti. Tenniel alichora picha 42. Alipoona zimechapwa vibaya alilalamika, na Carroll akakubali toleo lile la kwanza liondolewe na kitabu kichapwe upya.

Wahakiki wa siku zile hawakuwa na kauli moja. Wapo walioifurahia hadithi, na wapo walioona ni ndoto iliyokazwa mno, itakayomchanganya mtoto kuliko kumfurahisha. Lakini picha za Tenniel zilisifiwa na wengi. Tangu hapo, kwa wasomaji wengi, Alice ni yule aliyechorwa na Tenniel.

Mwaka 1940 kitabu hicho kilitoka kwa Kiswahili kwa jina *Elisi katika Nchi ya Ajabu*. Mfasiri alikuwa Mwingereza, E. V. St Lo Conan Davies, na mchapaji alikuwa Sheldon Press ya London, tawi la shirika la Kianglikana la vitabu vya dini. Picha zilifuata mpangilio wa Tenniel, ila Elisi alichorwa binti Mwafrika. Mwaka 2015 ikaja tafsiri nyingine, *Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu*, ya Ida Hadjivayanis, mwalimu wa Kiswahili katika chuo cha SOAS, London. Hiyo ilirudi kwenye picha za Tenniel mwenyewe.

Tazameni jambo hili. Mfasiri mgeni alitoka na binti mweusi. Mfasiri mwenye lugha yake alitoka na binti wa Kiingereza. Nani kakifanya kitabu kiwe chetu? Jibu haliko kwenye rangi peke yake. Hadithi ya Carroll imejaa michezo ya maneno. Kwa Kiingereza neno la "hadithi" na neno la "mkia" hutamkwa sawasawa, na panya anaposimulia, Alice anawaza mkia. Kwa Kiswahili maneno hayo hayakutani. Hapo mchoraji hana msaada. Mfasiri ndiye wa kutoa jasho. Picha hufungua mlango, lakini lugha ndiyo inayomkaribisha mgeni akae.

Hilo ndilo tunaloliita utamadunisho, ambao Papa Yohane Paulo II aliukazia katika waraka wake kwa Kanisa la Afrika mwaka 1995. Kumpaka Bikira Maria rangi nyeusi ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ni kuhubiri kwa maneno yanayofika moyoni mwa mkulima wa Ndungu.

Lakini tusisahau tofauti moja kubwa. Elisi ni mtu wa kubuniwa. Mchoraji anaweza kumpa sura yoyote. Bwana wetu ni mtu wa historia, Myahudi aliyezaliwa Bethlehemu na kukulia Nazareti. Hakuwa Mzungu, wala hakuwa Mpare. Waliomchora na nywele za dhahabu walitaka kusema, "Huyu ni wetu." Sisi tukimchora Mwafrika tunasema hilohilo, na si kosa. Kosa ni kumwacha mtoto adhani kwamba picha moja ndiyo sura yake, kisha akaamini kuwa Mungu alikuja kwa watu wa rangi fulani, na yeye amealikwa tu.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista na mafrateri wenzetu: msiishie kutundika picha. Ielezeni. Semeni alizaliwa wapi, na kwa nini kila taifa humchora kwa sura yake. Pakiwezekana, tundikeni mbili kwa pamoja, watoto wazilinganishe.

Frateri wetu aliporudi Ndungu Jumapili iliyofuata, alimjibu yule mtoto hivyo. Mtoto akafikiri, kisha akauliza kama naye anaweza kumchora. Akapewa karatasi.